Walisema Anashukuru

Mtu akijimwagia maji kichwani huwaza mambo ambayo asingeyawaza akiwa amevaa nguo. Asubuhi ya leo nilikuwa bafuni kwangu hapa Singida mjini, kopo mkononi, simu nimeiweka dirishani inasoma habari. Maji yalikuwa yamerudi baada ya kukatika, na yalikuja na ile harufu ya udongo uliolowana inayotoka bombani kabla hayajatulia. Nikawa nawaza upuuzi tu. Kwa nini kwenye tamthilia hakuna anayebeba ndoo? Mwanamke ataingia bafuni akilia, atafungua maji, atalia tena, atafunga, na hata siku moja maji hayajamgomea akabaki na povu machoni. Kwa nini mtangazaji wa mpira anaweza kumkasirikia refa kwa niaba ya timu nzima, akapandisha sauti mpaka spika inakwaruza, lakini akipewa habari ya watu waliokosa maji anaisoma kama anasoma bei ya vitunguu? Na kwa nini watu wa kwetu, kila wakiwekwa redioni, wanashukuru?

Hapo nikaacha kujimwagia, maana simu dirishani ilikuwa imesema hivyo hivyo. Wakazi wa kijiji fulani, jina sikulidaka, wameshukuru. Nyuma ya sauti ya mtangazaji kulikuwa na sauti ya mwanamke wa makamo akiongea lugha yake, wameishusha mpaka imekuwa kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nilitaka kusikia yeye mwenyewe anasema nini. Nilisimama pale na sabuni masikioni, nimezuia pumzi, sikusikia kitu. Hasira iliyonipanda haikuwa ya leo. Ilikuwa ya tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi, kijijini upande wa Mtinko, nikilelewa kwa mama mkubwa Hawa.

Mama mkubwa Hawa alikuwa dada wa mama yangu. Mama alikuwa ameolewa mbali, Sepuka, na mimi niliachwa kwa dada yake kwa sababu shule ilikuwa karibu na kwake. Mume wake alikuwa amefariki. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Salima, aliyenizidi umri kidogo, ndiyo maana kijiji kizima kilimwita Mama Salima. Mimi nilimwita mama, kwa sababu kazi zote za mama alizifanya yeye. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye hatua ndefu, na mdomo wake ulijulikana. Mbuzi wa jirani akiingia kwenye alizeti yake, mwenye mbuzi alijificha kwanza ndipo akatuma mtu kumfukuza mbuzi. Aliongea Kinyaturu kilichonyooka, chenye maneno ya kila namna ya hasira. Kulikuwa na neno la hasira ya kudharauliwa, neno la hasira ya kudanganywa, na neno la hasira ambayo mtu analala nayo na kuamka nayo. Nilikua nikiyasikia hayo yote kama wengine wanavyokua wakisikia nyimbo.

Kiswahili kilikuwa kitu kingine. Nyumbani hatukukitumia. Kiswahili kilianzia getini shuleni, na kazi yake ilikuwa adabu. Shikamoo mwalimu. Naomba ruhusa ya kutoka nje. Samahani mwalimu. Asante mwalimu. Kwenye zahanati ilikuwa hivyo hivyo, mtu aliyekuwa nyumbani analalamika tumbo tangu kuamka, akifika mbele ya daktari na kuulizwa hali, anajibu nzuri. Mama mkubwa alikuwa na Kiswahili kidogo cha mnadani, cha kutaja bei ya kuku na kuitikia marahaba. Zaidi ya hapo hakukihitaji, au ndivyo alivyodhani.

Kiangazi tulichota maji korongoni. Mto wetu ulikuwa mto kwa jina tu; mvua zikiisha unabaki mchanga mtupu, na maji yanajificha chini yake. Kina mama walichimba mashimo, na kadiri jua lilivyozidi, mashimo yalizidi kwenda chini, mpaka mchotaji anaingia mwili mzima na juu unaona mkono tu unaotoa ndoo. Aliyetakiwa kuingia ni mtu mwembamba. Salima alikuwa mwembamba kama mama yake. Aliingia akiimba, kwa sababu alipenda jinsi sauti yake ilivyojaa humo ndani, na sisi tuliokuwa juu tulicheka kusikia ardhi inaimba.

Siku mchanga ulipobomoka mimi nilikuwa nyumbani na mtoto wa jirani mgongoni. Nilisikia kelele, nikakimbia naye hivyo hivyo mpaka korongoni. Nilimkuta mama mkubwa amepiga magoti anachimba kwa karai, kisha akalitupa karai akachimba kwa mikono, na wanawake wengine wamemzunguka wanachimba naye. Kila walichotoa kilijaa tena. Wanaume walikuja na majembe wakamwomba asogee, hakusogea. Walipomtoa Salima, vidole vya mama yake vilikuwa vimebaki bila kucha. Hilo ndilo nililoliangalia, vile vidole, kwa sababu sikutaka kuangalia pengine.

Nyumba ilinyamaza baada ya hapo. Mama mkubwa, ambaye mdomo wake ulijulikana, alikaa muda mrefu bila kugombana na mtu. Mbuzi waliingia kwenye alizeti wakala, wakatoka wenyewe.

Kisha bomba likaja. Walikuja mafundi na gari lenye mnara, wakachimba karibu na shule, wakaweka pampu ya mkono iliyopakwa rangi ya bluu. Watu walifurahi, na hata mimi nilifurahi, sitasema uongo. Siku ya kulizindua walikuja wageni kutoka mjini, na pamoja nao mwanaume mmoja aliyebeba kinasa sauti begani, na kipaza sauti kilichovikwa sponji jeusi. Ilisemekana ni mtu wa redio. Sisi wanafunzi tulipangwa upande wa pili kuimba, kwa hiyo niliona yote lakini maneno yalipeperushwa na upepo kabla hayajanifikia.

Nilimwona mtu wa redio akiuliza ni nani ataongea kwa niaba ya kina mama. Wanawake wakamsukuma mama mkubwa mbele. Walijua wanachofanya. Walitaka aliyepoteza aseme. Kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akaitwa Jumanne atafsiri. Jumanne alikuwa kijana wa hapo hapo, ndiye pekee aliyekuwa amemaliza sekondari, na kila shughuli ya wageni ilikuwa haimpiti. Mama mkubwa aliongea. Tangu msiba sikuwa nimemwona akiongea vile. Alinyoosha mkono kuelekea korongoni, akarudi akagusa kifua, kisha akainua mikono yote miwili mbele ya kile kipaza sauti na kutandaza vidole vyake, kana kwamba redio ina macho. Aliongea mpaka mtu wa redio akaangalia saa. Halafu Jumanne akainamia sponji akasema maneno machache tu. Wageni wakapiga makofi.

Nakumbuka uso wa mama mkubwa wakati wa yale makofi. Aliwaangalia mmoja mmoja. Alikuwa ameeleza jinsi mtoto anavyokufa, na watu wazima wenye viatu vizuri walikuwa wanapiga makofi.

Habari ilitangazwa siku chache baadaye, alasiri. Redio yenye sauti kubwa ilikuwa dukani kwa mzee Iddi, na watu walijaa mpaka nje, kila mmoja anamnyamazisha mwenzake. Mama mkubwa alipewa kiti. Mimi nilisimama nyuma yake, nimeshika mgongo wa kiti. Mtangazaji alitaja kijiji chetu na watu wakaguna kwa furaha kusikia jina lake likitoka mahali pa mbali hivyo. Kisha ikaja sauti ya mama mkubwa, sauti yake kabisa. Neno la kwanza lilikuwa la Kinyaturu, lile la hasira ya kulala nayo na kuamka nayo. Neno la pili halikuja. Sauti yake ilishushwa chini kama mtu anavyoshusha mfuniko, na juu yake akasimama mtangazaji, laini, ametulia, akasema kwamba Bi Hawa amewashukuru sana wafadhili, na kwamba sasa kina mama wa kijiji hicho wamepumzika na wanaishi kwa furaha.

Watu walipiga makofi tena. Walikuwa wanashangilia jina la kijiji, najua. Mama mkubwa aligeuza shingo.

"Wamesema nini?" aliniuliza kwa Kinyaturu.

Niliangalia wakubwa waliotuzunguka. Wengi walikuwa wamesikia na kuelewa, na kila mmoja ghafla alikuwa na kitu cha kuangalia kwenye rafu za mzee Iddi.

"Wamesema umeshukuru," nilimwambia.

"Nimeshukuru nini?"

"Bomba. Wamesema umeshukuru sana, na unaishi kwa furaha."

"Na Salima?"

"Hawakumtaja."

Alibaki amekaa. Redio ilikuwa tayari imehamia kwenye matangazo ya sabuni. Kisha akasimama, akamshukuru mzee Iddi kwa kiti, akanishika mkono, na tukaenda moja kwa moja nyumbani kwa Jumanne.

Jumanne alikuwa nje anachonga mpini wa jembe. Alipotuona alisimama haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Siku ile niliongea nini, Jumanne?"

Alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kupita. "Uliongea vizuri mama. Mpaka wamekutangaza."

"Nimekuuliza niliongea nini."

Jumanne akaweka chini panga. "Uliongea habari za msiba," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulisema wamechelewa. Ulisema mwaka juzi walikuja wakapima, wakaondoka, na kama wangerudi mapema mtoto angekuwepo."

"Sasa furaha umeitoa wapi?"

"Mama, ile ilikuwa shughuli. Watu wametoka mbali, wameleta kitu. Ningesimama mbele yao niseme hayo? Hayo hayasemwi kwa Kiswahili cha redio. Kule kuna namna yake ya kuongea."

Labda kama mama mkubwa angemtukana ningepata nafuu. Alimwangalia tu, kisha akaniambia twende.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia jibu, na nililichukua lote kama lilivyo, maana mtoto hajui kwamba mtu mzima anaweza kusema jambo ili tu aondokewe na aibu. *Hayo hayasemwi kwa Kiswahili.* Hapo awali nilikuwa nimeshuku lile sponji jeusi. Nilidhani linafyonza maneno mabaya kama sponji la vyombo linavyofyonza maji machafu, na yanayopita ni yale masafi. Sasa nilipata maelezo makubwa zaidi. Kiswahili hakikuwa na maneno ya hasira. Yote yaliendana. Shuleni sikuwahi kumsikia mwanafunzi akilalamika kwa Kiswahili. Zahanati kila mgonjwa alikuwa mzima. Redioni kila kijiji kilikuwa kinashukuru. Si kwamba Jumanne alidanganya, nilijiambia, alitafuta neno akakuta halipo, akachukua lililokuwepo. Nilimhurumia hata. Niliona tuna bahati mbaya kupewa lugha ya taifa iliyonyimwa upande mmoja, kama kuku asiye na bawa la kushoto.

Nikaamua kumuuliza mwalimu. Mwalimu Neema alikuwa mgeni kwetu, mwanamke kijana aliyetuvumilia na matamshi yetu. Nilimfuata mapumziko, nikasimama mbele yake kwa heshima zote.

"Mwalimu, kwa Kiswahili mtu akikasirika anasemaje?"

"Anasema nimekasirika."

Nilidhani hajanielewa. "Akikasirika sana. Akifanyiwa ubaya."

"Anasema nimeonewa. Anasema mmenidhulumu. Anasema sikubali." Alikuwa anakunja vidole. "Kwa nini unauliza? Kuna mtu amekufanyia kitu?"

"Na inaruhusiwa?"

Mwalimu Neema hakucheka, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Habari ya Salima aliijua, na ya redio pia.

"Inaruhusiwa," alisema.

Nilikimbia njia nzima kwenda nyumbani. Nilimkuta mama mkubwa anapepeta mtama, nikamwambia huku nahema kwamba yapo, maneno yapo, Kiswahili kinayo, Jumanne ametudanganya. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona anaweka kazi chini kabla haijaisha. Aliniambia nikae. Akaniambia nimfundishe.

Hakutaka Kiswahili chote. Hakutaka rangi wala majina ya wanyama. Alisema sentensi anazozitaka kwa Kinyaturu, na mimi nilizibeba mpaka shuleni, nikamuuliza mwalimu, nikarudi nazo. Nimekasirika. Mlichelewa. Mliahidi. Mtoto wangu alikuwa na jina. Alizirudia akipepeta, akikamua mbuzi, akifagia, akizitafuna kwa lafudhi yetu, na akikosea alinitaka nimsahihishe bila kumwonea haya. Neno lililomsumbua zaidi lilikuwa fupi kuliko yote. *Sishukuru.* Ulimi wake ulikataa zile sauti mbili zinazofuatana, s na sh. Alilisema likawa sisukuru, akalisema likawa shisukuru, akakaa akalisema tena na tena mpaka siku moja likatoka safi, na kuku waliokuwa karibu wakaruka.

Bomba la bluu halikumaliza hata mwaka. Kitu kilikatika ndani, mpini ukawa unapanda na kushuka bila kuleta chochote, na watoto wakaufanya bembea. Viongozi wetu walituma ujumbe mjini. Wakaambiwa fundi atakuja. Kiangazi kilipofika kabla ya fundi, kina mama walichukua ndoo zao wakarudi korongoni, kwenye mchanga ule ule, na kama nikikumbuka jambo linalonichoma kuliko yote ni hilo: niliona watoto wengine wembamba wakiingia shimoni, na hawakuwa wanaimba.

Ndipo walipokuja wageni wengine, na hawa walikuwa na kamera ya televisheni. Walikuwa wanazunguka vijiji vyenye shida ya maji, walisema. Waliwakuta kina mama korongoni. Dada mmoja mwenye suruali na kofia aliuliza nani ataongea. Jumanne alikuwepo, alianza kusogea, kwa mazoea. Mama mkubwa akanyoosha kiganja kumzuia, bila hata kumwangalia.

"Naongea mwenyewe," alisema kwa Kiswahili.

Safari hii nilikuwa karibu, nikasikia kila neno. Alisimama ukingoni mwa shimo akayasema yote. Hakuharakisha. Lile neno gumu lilitoka bila kujikwaa. Dada wa kamera alitikisa kichwa kwa huruma, akasema pole mama, tutairusha, na mwenzake aliyeshika kamera alikuwa amefumba midomo kama mtu anayejizuia. Niliwaamini. Naamini hata leo kwamba wale wawili walikuwa na nia njema. Lakini kati ya kamera na kioo kuna watu wengine ambao hatukuwaona.

Tuliambiwa itaonyeshwa Jumamosi, alasiri, kwenye kipindi cha habari za mikoani. Kijijini kwetu hapakuwa na televisheni, kwa hiyo tulikwenda Mtinko, kwenye banda la kuonyesha mpira na video la bwana mmoja aliyeitwa Shabani. Banda lilikuwa la mabati, limejaa vijana wa mnadani waliokuwa wakisubiri mpira uanze, na jenereta likinguruma nyuma. Wanawake hawakuwa na kawaida ya kuingia humo. Mama mkubwa aliingia amevaa kanga zake mpya, na watu wa kijijini kwetu waliotangulia wakampisha benchi la mbele. Mimi nilikaa chini, karibu na miguu yake.

Korongo letu lilitokea kwenye kioo, na vijana wakapiga miluzi. Walionyesha ndoo zimepangwa. Walionyesha watoto wanacheka, sijui waliwapata wapi wakicheka. Kisha uso wa mama mkubwa ukajaa kioo chote, mkubwa, mzuri, kila mkunjo unaonekana, na midomo yake ikaanza kusogea. Nilisogelea kioo ili nimsikie. Kilichosikika ni kinanda, kinapigwa polepole kama cha kumbembeleza mtoto, na juu ya kinanda sauti ya mwanaume ikisema kwamba licha ya changamoto, kina mama wa eneo hili wamejaa matumaini, na wanaishukuru jamii kwa kuendelea kuwashika mkono.

Niliweza kusoma midomo. Nilikuwa nimeifundisha midomo ile. Niliona kabisa pale aliposema *mlichelewa*, na niliona *sishukuru*, s na sh, meno yamekutana vizuri, wakati mwanaume yule anasema matumaini. Mara ya kwanza walichukua sauti yake wakaizika. Mara hii waliacha uso uongee bila sauti, mbele ya nchi nzima, kama samaki aliyetolewa majini. Chini ya picha hawakuandika Hawa wala Mama Salima. Waliandika mkazi.

Mama mkubwa alisimama. Nilidhani anaondoka, nikajiandaa kumfuata. Lakini alikwenda mbele, akageuka, akasimama mgongo wake umeelekea kioo.

"Mama, unaziba," kijana mmoja alisema kutoka nyuma.

"Ndiyo, nimeziba," alimjibu. Kisha akamtazama mwenye banda. "Shabani, nyamazisha hicho."

Shabani angeweza kukataa. Alikuwa na banda limejaa watu na mpira unakaribia. Alinyanyuka, akapunguza sauti mpaka kinanda kikafa, na likabaki jenereta tu.

"Mimi ndiye yule mmemwona," mama mkubwa alisema kwa Kiswahili. "Naitwa Hawa, Mama Salima. Pale niliongea, wamenikata. Sikusema matumaini. Nilisema sishukuru. Walikuja kupima maji wakaondoka, tukangoja. Mtoto wangu amefukiwa na mchanga akichota maji. Salima. Wakaleta bomba, bomba limekufa, hakuna aliyerudi kuliangalia. Leo watoto wa wenzangu wako ndani ya shimo lile lile. Nilisema nimekasirika. Sasa mmesikia."

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana aliyesema anaziba alivua kofia, akaishika mapajani. Mzee mmoja ambaye hatukumjua, amevaa koti zito kwenye lile joto, alisema pole sana mama yangu, na wengine wakaitikia pole, mmoja baada ya mwingine, mpaka nje mlangoni. Mama mkubwa alipokea pole zile kwa kichwa, kama anavyopokea mtu msibani, na kwangu mimi ule ndio ulikuwa msiba wa Salima ulioenda sawa. Nyuma yake uso wake bado ulikuwa kwenye kioo, kisha ukaondoka, ikaja hali ya hewa.

Sitasema kwamba bomba lilitengenezwa kwa sababu ya maneno yale. Lilikaa limekufa mpaka rangi yake ya bluu ikapauka. Kilichotokea ni kwamba wanaume wa kijijini waliokuwa bandani walirudi wakakata miti, wakaenda korongoni kuzungushia mashimo nguzo ili mchanga usiporomoke, na wakapiga marufuku mtoto kuingia. Walioingia tangu siku hiyo ni wao wenyewe, tena kwa zamu, wanaume wazima wanachota maji. Redio haikulitangaza hilo, wala hakuna aliyekuja na kamera. Ninapokasirika bafuni, sikasiriki kwa sababu hatukufanya kitu. Nakasirika kwa sababu nchi nzima bado inaamini kwamba mwanamke yule aliishi kwa furaha.

Tulirudi kwa miguu alasiri ile ile. Njia ilikuwa ya vumbi, alizeti pande zote mbili zimeshainamisha vichwa, na mama mkubwa alitembea kwa zile hatua zake ndefu, mimi nikikimbia kidogo na kutembea kidogo ili nisiachwe. Kisha akaniuliza, kwa Kinyaturu, bila kugeuka.

"Nimekosea neno?"

Nilifikiri kwanza, maana alikuwa amenitaka nisimwonee haya.

"Moja tu, mama. Umesema Salima amefukiwa. Ungesema alifukiwa."

"Tofauti yake nini?"

Nilimweleza kama mwalimu alivyotueleza darasani. Nilisema ukisema alifukiwa, jambo limeshapita, limekwisha. Lakini ukisema amefukiwa, ni kwamba limetokea na mpaka sasa liko vile vile.

Alipunguza mwendo mpaka nikamfikia.

"Basi sikukosea," alisema.